Ukoo wa Majengo: karo ya Yusuf

IJUMAA

[19:04] Khadija: Assalaam alaykum jamani. Wiki nzima nimenyamaza nikingoja mwingine aanze. Hakuna aliyeanza. Yusuf anaingia Gredi ya 10 Januari na tumepungukiwa na 18,500.

[19:06] Khadija: Mpango ni huu. Jumapili baada ya Alasiri vijana wote mko kwa Bibi na simu zenu. Kuna yale maswali ya mtandaoni, kampuni inataka maoni yako, ukijibu unalipwa. Salma anayajua. Vijana 6, kila mmoja dodoso 3 kwa siku, siku 30. Waifai ya Bibi ipo, asiniambie mtu habari za bando.

[19:07] Khadija: Nasikia dodoso moja ni dola moja. Dola ni kama 129. Pigeni hesabu, inapita 69,000. Karo tunalipa na paa la Bibi tunaziba.

[19:29] Khadija: Naona tiki za bluu 9 na jibu hakuna.

[19:34] Omari: Shangazi Jumapili kuna mechi

[19:34] Khadija: Mechi italipa karo?

[19:41] Salma: Shikamoo Shangazi. Nakuomba usome yote kabla hujanijibu. Najaza dodoso tangu Machi. Novemba nilifungua 71, nikatolewa kwenye 52. Unajibu umri, kaunti, nani ananunua sabuni nyumbani, dakika 7 zinakwenda, kisha unaambiwa hufai. Wanatafuta watu wa aina fulani tu, na nafasi za aina hiyo zikijaa wanafunga. Mwezi mzima nilipata dola 5 na senti 10. Ni kama 650, na bando sijatoa.

[19:42] Khadija: Mbona hukusema?

[19:43] Salma: Mlikuwa mkisema Salma anakula pesa za wazungu. Ningeanzia wapi?

[19:45] Omari: Mimi nilijaribu moja. Wakaniuliza nafuga mbwa wangapi na wanakula nini

[19:46] Omari: Nikaandika mmoja, wa Mzee Athumani, anakula viatu

[19:46] Hawa: 😂😂😂 kile cha Idi

[19:47] Omari: Cha kushoto! Nikaswali Idi na ndara!

[19:47] Hawa: Na Mzee Athumani akaapa mbwa wake hatoki nje

[19:48] Idris: Kiatu chenyewe kilikuwa mtumba wa Gikomba, mbwa alikihurumia

[19:49] Khadija: Nyinyi. Mtoto wa watu atakaa nyumbani Januari mkiongea viatu. Salma, endelea.

[19:53] Salma: La waifai ndilo baya zaidi. Nyingi ya tovuti hizi zinataka akaunti moja kwa kila nyumba. Tukikaa sita sebuleni kwa Bibi, waifai moja, wataona ni mtu mmoja anajifanya sita na watatufungia wote. Yangu pia, ambayo nimeilea tangu Machi. Halafu nyingi zinataka miaka 18. Yusuf ana 15, hawezi hata kujisaidia mwenyewe.

[19:55] Salma: Na msidanganyane kujifanya mko Marekani ati huko wanalipa zaidi. Rafiki yangu alifanya hivyo. Pointi zilijaa vizuri, siku ya kutoa pesa akaunti ikafungwa. Humo ndani wanapanda maswali ya mtego: wanakuuliza tarehe ya kuzaliwa mwanzo, wanakuuliza tena mwisho. Ukijaza kwa haraka haraka wanakuona.

[19:58] Khadija: Kwa hiyo unaniambia hamna kitu.

[20:01] Salma: Kitu kipo, kidogo. GeoPoll, wale wa maswali kwa simu, wakikutumia ujumbe unajibu kwa simu yoyote, unapata salio. Zile za dola zinaingia PayPal, pochi ya mtandaoni, na tangu 2018 unaitoa PayPal kuleta M-Pesa. Mimi hununulia tokeni za stima na nauli. Lakini 18,500 Shangazi, nikijaza peke yangu ni zaidi ya miaka miwili. Yusuf ni ndugu yangu tumbo moja. Kama ingewezekana ningekuwa nimeshalipa.

[20:02] Khadija: Sawa mama. Nimekusikia.

[20:17] Kassim: Hizo za Salma ni za senti. Mimi niko kwenye kikundi cha hapahapa Nairobi. Unatoa 1,500 ya kufungulia akaunti, kila siku dodoso 5 na hakuna kutolewa. Siku mbili nimepata 600. Ukileta watu wawili unapanda ngazi ya fedha, kisha dhahabu. Idris ni shahidi.

[20:18] Khadija: Idris ni shahidi wa nini?

[20:18] Idris: Ujumbe huu umefutwa

[20:19] Khadija: Idris.

[20:24] Salma: Ami Kassim, kwa heshima zako zote. Anayetaka maoni ndiye anayelipa, kwa sababu ana sabuni au majani ya chai ya kuuza na anataka kujua tunawaza nini. Sasa huyu anayetaka maoni yako anakudai wewe kwanza. Hiyo 600 uliyopata ni ya nani? Si ya Idris?

[20:26] Kassim: Mwanangu mambo mengine yanataka moyo. Woga haujengi nyumba.

[20:27] Salma: Walichukua kitambulisho?

[20:29] Kassim: Mbele na nyuma na picha ya uso. Ni kawaida.

[20:30] Salma: Si kawaida. Na namba ya siri ya M-Pesa waliuliza?

[20:33] Kassim: Mimi sikuwapa

[20:33] Khadija: MIMI sikuwapa? Nani aliwapa?

[20:34] Omari: Haya mambo ya picha yalianzia KICC 2023, foleni ya Worldcoin ya kupigwa picha ya macho. Jicho langu moja bado liko huko linakula maisha

[20:36] Salma: Omari si mchezo. Ile ya macho serikali iliisimamisha Agosti mwaka huohuo. Kuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na kuna kamishna wa kupelekewa malalamiko. Lakini kikundi kisicho na ofisi wala jina utamshtaki nani? Na kitambulisho chako kikisajili laini ya simu ya mwizi, polisi watagonga kwa nani?

[20:38] Khadija: 2007.

[20:38] Khadija: Sisemi zaidi.

[20:41] Kassim: Khadija usianze

[20:42] Khadija: Sijaanza. Wewe ndiye ulianza, ukapita mlango kwa mlango na daftari la kijani ukiandika majina ya mashoga zake Bibi.

[20:43] Kassim: Mwaka ule nchi nzima ililiwa na piramidi za pesa. Mimi pia nililiwa. Mbona jina ni langu tu?

[20:44] Khadija: Kwa sababu cherehani ya Bibi haikuwa ya nchi nzima.

[21:16] Hawa: Baba samahani. Bibi alitaka nimsomee yote, nimemsomea. Anaongea, mimi naandika tu.

[21:22] Hawa: "Kassim mwanangu. Cherehani sikukuuliza miaka hii yote, kwa sababu nilikuona ukipita kichochoro cha nyuma usikutane na akina Bi Tatu. Nikasema aibu imemtosha. Sasa umeniingizia mtoto. Kodi ya chumba cha tatu ilikuja pungufu 1,500 na mpangaji ana risiti. Idris nilikuwa nakungoja uje mwenyewe. Karo ya Yusuf isichanganywe na pesa ya namna hiyo, hata kama ni shilingi. Nimemaliza."

[21:23] Hawa: Amezima taa.

[22:09] Idris: Bibi nisamehe. Ni kweli. Nilituma Jumanne, nilitaka nirudishe kabla hujahesabu. Na namba ya siri ni mimi niliwapa, walisema ni ya kuthibitisha.

[22:10] Salma: Badilisha SASA. *334#. Usilale kabla. Na ule ujumbe wa M-Pesa wa Jumanne utume kwenda 456 uombe irudishwe. Kama wameshaitoa haitarudi, lakini jaribu.

[22:14] Idris: Nimebadilisha. Kulikuwa na 80.

[22:31] Kassim: Nimeona maneno ya mama. Hiyo 1,500 ya chumba ni juu yangu.

JUMAMOSI

[06:50] Khadija: Subalkheri. Sikulala. Nakubali hesabu yangu haikuwa hesabu. Tuchange kama zamani. Mimi 5,000. Nani mwingine? Na anayejibu dodoso ajibu kwake, kwa simu yake, bila kulipa mtu.

[06:58] Salma: Nina 650.

[07:02] Omari: 1,000 mwisho wa mwezi

[07:02] Khadija: Mwisho wa mwezi upi Omari, uandike tarehe.

[07:40] Bakari: Nimeona. Nilikuwa zamu ya usiku. Shukrani dada. Jumatatu nitakwenda shuleni kuuliza kama wanapokea kwa awamu. Yusuf msimwambie haya.

[07:41] Salma: Baba, Yusuf yuko kwenye kikundi.

[07:55] Khadija: Imebaki 11,850. Jumapili iko palepale, lakini ya mchango. Kaka Kassim utakuja?

[08:20] Khadija: Kaka Kassim?

[09:03] Hawa: Bibi anauliza mtakuwa wangapi Jumapili, apike pilau au mtashiba chai na mahamri.

[09:04] Omari: PILAU

[09:30] Idris: 456 wamejibu. Hazikuwa kwenye akaunti ya aliyepokea.

[11:47] Mama Omari: Waalaykum salaam. Ndiyo nafungua simu sasa. Jumapili hii au ile?