Capsoul orijino moja ya bei, mbili za bei poa, au toleo jipya la Numero? Naomba ulinganisho

MdigoWaOhio
Wakuu, habari za Jumapili. Nipo Columbus, Ohio. Kuna mzee mmoja upande wa mashariki wa mji anahama nyumba, anauza santuri zake. Kwenye boksi nimekuta singo (santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande) za Capsoul, ile lebo ndogo ya muziki wa soul ya hapa hapa mjini. Nina njia tatu:

1. Johnson, Hawkins, Tatum & Durr, "You Can't Blame Me", dola 180
2. Marion Black "Who Knows" na Kool Blues "I'm Gonna Keep On Loving You", zote mbili dola 120
3. Niachane nazo, ninunue mkusanyiko wa Numero Group, lebo inayotoa upya nyimbo za zamani, nipate nyimbo karibu zote kwa hela ndogo

Mzee kanipa hadi Ijumaa. Nichukue ipi?

FundiSindano
Swali halina miguu hili. Hali ya santuri ikoje? Umezisikiliza au umeziangalia tu? Pleya yako ni gani? Unanunua kusikiliza, kupiga kwenye sherehe au kuuza baadaye? Weka picha ya pande zote mbili, kwenye mwanga wa dirisha, siyo chini ya taa ya jikoni. Bila hayo utapata maoni ya vijiweni tu.

BintiMagomeni
Na sisi tusioijua Capsoul mtufahamishe basi, tusisome uzi kama wageni kwenye msiba.

MzeeUpandeB
Dada, Capsoul ni ufupisho wa Capital City Soul, maana Columbus ndiyo makao makuu ya jimbo la Ohio. Mwenyewe ni Bill Moss, mtangazaji wa redio ya WVKO, naye alikuwa mwimbaji. Alianzisha lebo 1970 na haikudumu miaka mingi. Tatizo lao ni lile lile la lebo zote za mtu mmoja: wimbo mzuri, studio nzuri, lakini hakuna wa kuusukuma nje ya mji. DJ wa mji mwingine haupigi, duka la mji mwingine haliagizi. Moss baadaye akajulikana zaidi kama mjumbe wa bodi ya shule za Columbus kuliko mtu wa muziki. Numero Group wa Chicago walipoanza biashara, toleo lao la kwanza kabisa, mwaka 2004, lilikuwa Capsoul. Moss alifariki mwaka uliofuata.

Mkuu Mdigo, mimi nakwambia namba 1. Usifikirie mara mbili. Sauti za wale jamaa wanne huzipati popote.

dj_Kware
Mimi namba 2. "Who Knows" ndiyo iliyochukuliwa kipande na RJD2, prodyuza wa hip hop, kwenye "Smoke & Mirrors" mwaka 2002, na RJD2 mwenyewe amekulia Columbus hapo. Tangu hapo vijana wa hip hop wanaisaka, siyo wazee wa soul peke yao. Santuri inayotafutwa na makundi mawili haikuozei mkononi.

MdigoWaOhio
Shukrani wakuu. Ya dola 180 ina mikwaruzo kidogo na mtu ameandika jina kwa kalamu kwenye karatasi ya katikati. Zile mbili zinang'aa. Nanunua kusikiliza, ila nikipata faida sikatai.

FundiSindano
"Mikwaruzo kidogo" ndiyo nini? Ukipitisha ukucha unakwama au haukwami? Ukikwama, sindano itaruka au itagonga kila mzunguko. Usipokwama, huenda hata usisikie kitu. Na pleya hujataja bado.

ManchesterMswahili
Salaam kutoka Uingereza. Kwa heshima zote, kama unataka lebo ndogo yenye uzito wa kweli, weka hela yako mpaka upate Shrine ya Washington DC. Eddie Singleton na Raynoma Gordy, aliyekuwa mke wa Berry Gordy, mwenye lebo kubwa ya Motown, waliifungua katikati ya miaka ya 60. Huku kwetu kaskazini mtu akiinua Shrine orijino, ukumbi mzima unageuka. Ray Pollard, The Cairos, Eddie Daye & the Four Bars... Capsoul ni tamu, sibishi, lakini ni soul ya polepole. Huwezi kuichezea usiku kucha.

Watu hawajui tu hawa Waingereza walivyokuwa. Enzi za Wigan Casino, ukumbi wa kucheza soul usiku kucha, 1973 mpaka 1981, DJ alikuwa anabandika karatasi juu ya jina la santuri na kuipa jina la uongo ili DJ mwenzake asijue aitafute wapi.

BintiMagomeni
😂😂 Wivu wa kitaaluma.

dj_Kware
Shrine ni adimu kwa sababu ghala lenye santuri zao liliungua kwenye ghasia za Aprili 1968, baada ya kuuawa Martin Luther King. Siyo kwamba muziki wao ni bora kuliko wa wengine.

MzeeUpandeB
Hiyo hadithi ya ghala inasimuliwa kila mahali, na inapendeza, lakini haitoshi. Lebo ilikuwa imeshakufa kabla ya 1968. Zingeuzwa kwa maelfu, zingekuwa majumbani mwa watu, siyo ghalani. Moto hauwezi kuchoma santuri ambayo mtu alishainunua akaenda nayo kwake. Ni adimu kwa sababu hazikununuliwa, basi.

ManchesterMswahili
Mzee, mimi sikutaja moto. Na kutonunuliwa siyo ushahidi wa ubaya. Frank Wilson, "Do I Love You (Indeed I Do)", ilifyatuliwa 1965 kwenye lebo ya Soul ya Motown, ikazuiwa isitoke. Nakala zilizobaki za kuhesabika. Mwaka 2009 moja iliuzwa zaidi ya pauni 25,000, na 2020 moja ikafika pauni 100,000.

FundiSindano
Motown siyo lebo ndogo. Tunatoka kwenye mada.

Shangazi_wa_Santuri
Naingia kwa sababu naona watu wanamharakisha huyu kijana kutoa hela. Ngoja niseme yaliyonikuta, mnisamehe kwa urefu.

Niliitaka singo moja ya soul kwa miaka. Akatokea muuzaji mtandaoni, jina simtaji, akasema hali yake ni VG+, yaani nzuri sana, imechakaa kidogo tu. Nikamwomba anirekodie kipande nikisikie. Akanitumia dakika nzima, sauti safi, nikafurahi, nikalipa. Mzigo ulichukua muda, halafu kwenye ofisi ya vifurushi nikaulizwa hiki ni kifaa gani cha umeme, nikaeleza, nikaulizwa tena na mwingine, nikalipishwa na ushuru juu. Sawa. Nafika nyumbani naweka sindano: inakaanga kama sambusa. Upande wa pili afadhali kidogo.

Nikarudi kwenye kile kipande alichonitumia, nikakisikiliza kwa hedifoni. Hakuna hata mlio mmoja wa vumbi kabla wimbo haujaanza. Santuri ya 1967, imeshikwa na mikono ya watu miaka yote hiyo, halafu kimya kabisa pale mwanzo? Nikatafuta ule wimbo kwenye CD ya toleo jipya, nikavisikiliza pamoja. Ni kitu kimoja, mpaka unavyofifia mwishoni. Jamaa alirekodi kutoka CD! Nikamwandikia, akajibu kwamba "kila pleya ina masikio yake". Mpaka leo naitafakari sentensi hiyo na hasira zinanipanda. Hela haikurudi.

Kwa hiyo wewe uliye na bahati ya kumfikia muuzaji kwa miguu, beba pleya yako ndogo, nenda kwa mzee, omba kwa adabu usikilize mbele yake. Akikataa, ondoka.

MdigoWaOhio
Pole sana shangazi, ushauri nimeuchukua. Pleya yangu ni ile ya kisanduku, ya kufunga kama begi. Naweza kwenda nayo.

FundiSindano
Haya, sasa ndiyo tumefika. Usiende nayo! Vile visanduku vingi vina katriji ya serami (kile kichwa kinachoshika sindano), na mkono unakandamiza karibu gramu 5. Pleya ya kawaida ni gramu 2 hivi. Singo nyingi za Marekani hazikufyatuliwa kwa vinaili, ni plastiki ya staireni, nyepesi na ngumu. Staireni ikiliwa mwanzoni mwa wimbo haiponi, inabaki inanguruma. Hiyo hela ya santuri nunua pleya kwanza.

dj_Kware
Tumeanza. Hizo singo zilipigwa kwenye majuke-boksi na pleya za mabinti wa shule kwa miaka, tena kwa sindano zilizokwisha. Kusikiliza mara moja kwa mzee hakumuui mtu.

FundiSindano
Na ndiyo maana nyingi zimeharibika, mkuu. Umejijibu.

NyamaNaSoul
Mimi sielewi kwa nini mtu alipe dola 180 kwa kitu kilichoandikwa kalamu. Nenda Daptone ya Brooklyn. Lebo ndogo, ya kujitegemea, tangu 2001, walikuwa wanarekodi kwa utepe kama zamani. Sharon Jones, Charles Bradley, Mungu awarehemu wote wawili. Singo mpya, haijaguswa, bei ya nyama choma na soda mbili. Na hela inawafikia watu wa muziki, siyo mzee anayehama.

MzeeUpandeB
Daptone nawaheshimu. Lakini kijana aliuliza santuri adimu. Ukitaka bei nafuu na historia pamoja, kuna Ric-Tic ya Detroit. Edwin Starr alianzia pale, "Agent Double-O-Soul" ni ya 1965. Wanamuziki wa Motown walikuwa wanakwenda kupiga pale kwa siri. Berry Gordy mwishowe akamaliza ugomvi kwa pochi: studio yao ya Golden World aliinunua 1966, Ric-Tic yenyewe 1968. Nyingi ziliuzwa vizuri, kwa hiyo hata leo unazipata bila kuuza shamba.

MwanaKisauni
Nyote mwazungumza Ohio, Detroit, Washington. Slim Ali na Hodi Boys je? Mombasa hapa hapa, kijana wa Kiswahili yuwaimba soul kwa Kiingereza, watu wasimama wima. Singo zao mkiziona mwazipita kwa sababu hazikuandikwa Marekani.

Shangazi_wa_Santuri
Umesema kweli mwanangu. Nilikuwa nayo moja, ikaazimwa.

MwanaKisauni
Aliyeazima aliirudisha?

Shangazi_wa_Santuri
Santuri hairudi, unaijua.

MdigoWaOhio
Wakuu nimerudi kwa mzee, bila pleya. Kumbe anayo ya kwake, kubwa, ya fedha fedha, bado inazunguka. Kapiga "You Can't Blame Me" mwenyewe. Ina mlio mwanzoni, katikati imetulia. Halafu akaniambia kuna mtu mwingine kampigia simu kuhusu boksi zima. Sijui ni kweli au ananikoleza.

ManchesterMswahili
Anakukoleza.

dj_Kware
Ni kweli. Columbus wanunuzi wapo. Wahi zile mbili.

FundiSindano
Ukucha ulikwama au haukukwama?

NyamaNaSoul
Samahani kuingilia, kuna mtu Nairobi au Dar anayejua pa kupata mkanda wa pleya ya Philips ya zamani? Wangu umelegea, kila wimbo unasikika kama mwimbaji kasinzia.

MwanaKisauni
Wapima urefu wake kwanza, usinunue kwa macho. Nitumie ujumbe, nnao fundi Majengo.