Naomba ushauri: waliojizuia kupiga kura wanahesabiwa au la?

Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie maana nimekwama. Nasimamia klabu ya midahalo ya shule, Ijumaa vijana wanaigiza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na wameshagombana kabla hata hatujaanza.

Kila nchi ina kura 1, hapo hakuna shida. Kwa mambo mazito kama amani na usalama inatakiwa theluthi mbili ya waliohudhuria na kupiga kura, ndivyo kifungu cha 18 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinavyosema, na aliyejizuia anahesabiwa kama hajapiga. Niliwapa mfano wa azimio la Ukraine la tarehe 2 Machi 2022, ndiyo 141, hapana 5, waliojizuia 35, Tanzania ikiwemo. Kwahiyo hesabu inafanywa kwenye 146 tu, sio nchi zote 193. Vijana wakaniuliza, kwahiyo mwalimu wangejizuia nchi 150, wachache waliobaki wangeamulia dunia nzima? Nikakosa jibu la kuwaridhisha, na swali ni la haki kabisa.

Nimejaribu kuweka sharti kwamba lazima zaidi ya nusu wawepo ukumbini, lakini anayejizuia si yupo ukumbini, kwahiyo haijasaidia kitu.

Sasa naomba kujua, aliyewahi kuendesha midahalo hii alilielezaje kwa wanafunzi? Na je, niweke idadi ya chini ya kura za ndiyo au nitakuwa nimeharibu kanuni yenyewe?