Kikundi: Watoto na Wajukuu wa Bibi (Jumatano hadi Ijumaa)

Jumatano

Zuhura, 06:48
Habari za asubuhi, shikamooni wakubwa. Jumamosi tunakutana kwa Bibi. Safari hii sitaki tuje, tule, tupige picha, tutawanyike. Lile jiko lazima tulishughulikie. Ninaandika kwa vipande, someni hadi mwisho.

Zuhura, 06:53
La kwanza na ndilo kubwa. Jiko la mkaa lisiwashwe tena ndani. Juzi nimefika nimekuta dirisha limefungwa, mlango umefungwa, mkaa unawaka, na Salma kalala hapohapo chini. Namwamsha, ananiambia kichwa kinamuuma. Ile hewa ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Inang'ang'ania kwenye damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Na watu wanadhani mkaa ukishakuwa mwekundu, moshi umekwisha, basi ni salama. Bado unaitoa!

Salma, 07:02
Nilikuwa nimechoka tu Da Zuhura

Zuhura, 07:02
Umechoka hadi unatapika?

Idi, 07:04
Huyo alikuwa anakwepa vyombo 😂

Zuhura, 07:05
Idi, nitakutoa kwenye kikundi.

Idi, 07:05
Wewe si admini

Zuhura, 07:11
La pili, nani anawashia mkaa kwa mifuko ya plastiki? Nimekuta mabaki. Plastiki ikiungua inatoa sumu, zikiwemo hizo wanazoziita dayoksini, halafu sufuria ya uji inawekwa juu yake. Shirika la Afya Duniani linasema hewa chafu ya majumbani, moshi wa jikoni hasa, iliua watu wapatao milioni 3.2 mwaka 2020. Na hao ni wa moshi wa kawaida tu.

Zuhura, 07:12
Nasubiri jina.

Zuhura, 08:30
Naona tiki za buluu kumi na moja. Mmesoma. Semeni.

Mama Jamila, 09:17
Mwanangu Zuhura umeongea vizuri. Na mimi nina langu. Mara ya mwisho kuna mtu alisafisha choo cha Mama akamimina dawa ya chooni, akaona haitoshi akaongeza blichi juu yake. Tukakimbia wote nje. Naomba hilo nalo liandikwe.

Husna, 09:25
Mama mdogo shikamoo. Hilo si dogo hata kidogo. Dawa nyingi za chooni ni asidi. Asidi na blichi vikikutana inatoka gesi ya klorini, inachoma mapafu. Siki na blichi vilevile. Blichi na dawa zenye amonia napo kuna gesi nyingine mbaya. Blichi ichanganywe na maji peke yake, basi.

Idi, 09:27
Aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema

Mama Jamila, 09:28
Kwa hiyo ni wewe.

Idi, 09:28
Sijasema ni mimi, nimesema nia

Zuhura, 09:40
Ndiyo maana nataka tuache madawa yote makali. Nitaleta siki na bikaboneti, tunachanganya kwenye chupa moja tunasafishia nyumba nzima. Ni rafiki wa mazingira, hakuna sumu.

Husna, 09:46
Dada, ukivichanganya vinauana. Unaona povu jingi, moyo unafurahi, lakini ni kaboni dayoksaidi inatoka tu, na kilichobaki kwenye chupa ni maji yenye chumvichumvi. Bikaboneti peke yake inasugua sufuria iliyoungua, siki peke yake inatoa ukoko wa chumvi kwenye birika. Siki usiiweke kwenye marumaru, inakula. Na ubao uliokatiwa kuku mbichi hausafishwi kwa siki ukasema umeua vijidudu. Maji ya moto na sabuni kwanza.

Zuhura, 09:47
Nilijua.

Idi, 09:47
😂😂😂

Zuhura, 10:15
Tuendelee. Kile kikaango cheusi kisichogandisha, kimechubuka chote. Mtu anakisugua kwa waya. Halafu kinaachwa motoni kitupu. Ule utando ukipita nyuzi 260 hivi unaanza kuvunjika na kutoa mvuke mbaya. Ndege wa kufugwa, kasuku kwa mfano, wanakufa kwa huo mvuke.

Idi, 10:18
Bibi hana kasuku

Jamila, 10:18
Ana wewe

Mjomba Shaabani, 10:20
Hahaha. Umepatikana kijana.

Zuhura, 10:31
Mjomba Shaabani shikamoo, nimefurahi upo. Naomba na neno lako kuhusu mkaa.

*(Mjomba Shaabani hakujibu.)*

Zuhura, 13:05
Vyakula sasa. Wali unaobaki usiku unaachwa kwenye sufuria juu ya jiko hadi asubuhi, kisha kiporo kinapashwa watoto wanakula. Hapana. Ukishapoa kidogo usambazwe kwenye chombo kipana uingie kwenye friji, usikae nje zaidi ya saa mbili.

Baba Salma, 13:22
Zuhura, sisi tumekula kiporo tangu tumezaliwa na tuko hapa.

Husna, 13:30
Baba mdogo shikamoo. Kiporo hakina kosa, kosa ni kule kulala nje. Kwenye mchele kuna bakteria ambaye mbegu zake haziuawi na kuchemsha. Wali ukikaa kwenye joto anazaliana, anatoa sumu, na sumu hiyo hata ukipasha hadi utoe moshi haiondoki. Ndiyo ile kutapika ambayo huwa mnasema ni jicho la mtu.

Baba Salma, 13:33
Friji ya Mama imejaa maji ya kunywa na ndoo za plastiki zenye vitu havijulikani. Utaweka wapi huo wali?

Jamila, 13:34
Ile ndoo ya kijani ndani mna nini jamani? Nimeikuta tangu niko shule ya msingi

Idi, 13:35
Usiifungue. Ni urithi.

Baba Salma, 13:36
Mimi nilidhani ni mafuta

Jamila, 13:36
Mimi nilidhani ni barafu

Zuhura, 13:41
TUSITOKE KWENYE MADA. Friji itafanyiwa usafi Jumamosi na itawekwa chini ya nyuzi 5. Plastiki za zamani hatuzipakulii chakula cha moto tena, zitatumika kuwekea pegi na misumari. Maganda na majani ya mboga yanaingia kwenye shimo la mboji nyuma ya nyumba pamoja na majani makavu na maganda ya mayai. Nyama na mafuta hapana, vinaita panya. Umoja wa Mataifa umehesabu chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022, tani bilioni 1.05, na asilimia 60 imetoka majumbani kwetu. Kikioza jalalani bila hewa kinatoa methani, gesi inayozidisha joto duniani.

Zuhura, 13:43
Na maharage yalowekwe usiku, sufuria ifunikwe. Mnapikia nusu gunia la mkaa kitu ambacho kingeiva kwa robo yake.

Husna, 13:50
Na maji ya kulowekea yamwagwe. Maharage mekundu yachemke kwelikweli dakika 10 kwanza kabla ya kupunguza moto, yakiwa hayajaiva yana sumu yake.

Mama Jamila, 16:02
Samahani niulize. Tunapanga mkaa utoke. Mama atapikia nini? Maana jiko la gesi tulimchangia sisi wenyewe. Pleti mbili, na mtungi wake. Kila mtu alitoa. Mimi nilitoa ya watu wawili kwa sababu kuna mtu alikuwa na udhuru. Lile jiko liko wapi?

Mama Jamila, 16:02
Nauliza tu.

Baba Salma, 16:10
Da Mkubwa, hilo si tulilimaliza kwenye harusi?

Mama Jamila, 16:11
Kwenye harusi tulinyamaza. Hatukulimaliza.

Zuhura, 16:15
Mama mdogo nakuomba, tusifike huko leo.

Mama Jamila, 16:19
Tutafika lini? Bibi yenu anavuta moshi na jiko lake linapika kwa mtu. Huyo mtu yumo humu na anasoma. Mjomba wenu Rajabu, nakuamkia.

Idi, 16:20
Nani analeta soda Jumamosi?

Jamila, 16:20
Idi sio sasa

Baba Salma, 16:24
Yalikuwa ya mwaka wa mafuriko hayo. Muacheni mtu.

Mama Jamila, 16:26
Wewe unasema hivyo kwa sababu udhuru ulikuwa wako.

Alhamisi

Zuhura, 07:30
Habari za asubuhi. Naomba yaliyopita jana yapite. Nahitaji watu watatu wa kuchimba shimo la mboji na mmoja wa kusafisha friji.

Zuhura, 10:02
Watu watatu.

Zuhura, 12:40
Hata wawili.

Salma, 14:16
Bibi nimemsomea kikundi chote tangu jana. Ametuma sauti ila simu yangu inakatakata, kaniambia niandike kama anavyosema, nisipunguze.

Salma, 14:31
"Nimesomewa yote. Zuhura nimekusikia, una haki. Mkaa ndani basi, kuanzia leo jiko linakaa barazani. Kikaango tupeni, nilikuwa nakionea haya. Vyungu vyangu asiguse mtu, hivyo havina utando wala nini. Ndoo ya kijani ni yangu.

Habari ya jiko la gesi sitaki kuisikia tena. Sikunyang'anywa. Nilimpa Rajabu kwa mkono wangu, mwaka ule mkewe hajiwezi na kuni zote zimelowa. Nikamwambia asiseme, kwa sababu nawajua midomo yenu. Amenyamaza kwa kuwa nilimwamuru. Sasa nimemfungua.

Na nyinyi mnaonitetea leo. Mmekuwa mkija hapa, mnanikuta nafuta macho, mnaniuliza Bibi umepika nini. Kikohozi changu mlikizoea kama jogoo wa jirani. Zuhura ndiye wa kwanza kuuliza moshi, na ameuliza kwa sababu ya Salma. Sisemi vibaya. Nasema ilivyo. Jumamosi njooni mapema."

Salma, 14:31
Mwisho wa Bibi.

Mama Jamila, 14:50
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Jamila, 15:27
Mama nisamehe. Na Rajabu pia, nilikuwa sijui.

Husna, 17:08
Bibi shikamoo. Jumamosi nakuja na kipimo, nataka kusikiliza kifua. Na wiki ijayo twende hospitali tupige picha. Kikohozi cha muda mrefu hakisingiziwi moshi peke yake mpaka kiangaliwe.

Salma, 17:15
Anasema marahaba. Hospitali anasema tutaona.

Mjomba Rajabu, 21:44
Salaam wote. Mama shikamoo. Jiko ninalo, ila pleti moja ndiyo inawaka vizuri, nyingine inatoa moto wa njano na inachafua sufuria masizi. Nitalileta.

Zuhura, 21:46
Mjomba marahaba, yaani shikamoo, samahani. Moto wa njano ni dalili matundu yameziba, gesi haiungui sawasawa, nayo inaweza kutoa ileile hewa ya mkaa. Lisafishwe kabla halijaingia kwa Bibi. Utalileta Jumamosi yenyewe?

Ijumaa

Zuhura, 06:55
Mjomba Rajabu, Jumamosi yenyewe?

Mjomba Shaabani, 09:10
Nimewasoma sasa hivi, nilikuwa safarini. Mimi naunga mkono mkaa uendelee lakini dirisha liwe wazi.

Jamila, 09:12
Mjomba soma ya Bibi kwanza

Mjomba Shaabani, 09:30
Nimesoma. Naondoa maneno yangu.

Baba Salma, 11:18
Mimi natoa mtungi mdogo niliokuwa nao stoo. Mtupu. Kujaza ajaze mwingine.

Zuhura, 11:25
Ahsante sana Baba mdogo. Usiulaze kwenye gari, usafiri umesimama. Tutauweka nje ya dirisha la jiko ukutani, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Na mpira lazima uwe mpya, ule wa zamani umepasuka. Tukifunga tunapaka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu panavuja. Mtu asijaribu kwa kiberiti.

Idi, 11:27
Kwa nini mnaniangalia mimi

Zuhura, 11:31
Kwa hiyo bado: nani anajaza mtungi, nani ananunua mpira, Mjomba Rajabu anakuja lini, na shimo nani anachimba.

Idi, 11:33
Shimo mimi

Zuhura, 11:33
Mmoja. Alhamdulillahi.

Mama Jamila, 12:04
Kujaza mtungi nitajaza mimi. Msiniulize.

Baba Jamila, 15:49
👍

Zuhura, 15:50
Baba Jamila, hiyo ni ya kununua mpira au ya kuona tu?