Kishikwambi kimoja, wanafunzi 84: nianzie wapi?

Mwalimu wa Sayansi, Singida

Habari za kazi, walimu wenzangu. Nafundisha Sayansi Darasa la Tano katika shule ya msingi ya kijijini. Kishikwambi ninacho, ni kimojawapo cha vile vilivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya Agosti 2022, na nakiri kwamba kwa muda mrefu nilikitumia kusomea ujumbe wa kikundi cha shule tu. Wiki iliyopita niliamua kuwaonyesha wanafunzi video fupi ya moyo unavyosukuma damu. Projekta hatuna, na umeme wa sola unaishia ofisini kwa mwalimu mkuu, hivyo nilikiinua kifaa juu nikapita nacho safu kwa safu. Wa mbele waliona moyo, wa katikati waliona dirisha likimeremeta kwenye kioo, na wa nyuma walipanda juu ya madawati. Dakika 40 ziliisha sijaandika hata muhtasari ubaoni. Semina tuliyopewa ilikuwa ya siku moja, nayo iliishia kwenye kufungua barua pepe. Naomba kujua wenzangu mnafanyaje.

Mwalimu wa Darasa la Pili, Iringa

Pole, Mwalimu. Kwa maoni yangu kifaa hicho ni cha kukusaidia wewe kabla hujaingia darasani, na kosa ni kukigeuza kuwa runinga ya watu 84. Mimi nikienda mjini mwisho wa mwezi hupakua vitabu na viongozi vya mwalimu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kisha naandaa andalio la somo nyumbani bila kutumia bando. Video naitazama mwenyewe mara tatu, halafu nachora ubaoni.

Darasani nakitumia kwa jambo moja tu, kurekodi sauti. Mtoto anasoma aya yake, anajisikiliza, anasoma tena. Yupo mmoja aliyekuwa akiruka kila neno lenye «ng'». Alipojisikia alicheka, akalirudia neno mwenyewe kabla sijasema lolote. Hata hivyo nawasikiliza watoto wanne au watano tu kwa siku, na sijapata njia ya kuongeza idadi hiyo.

Mwalimu kutoka Busia, Kenya

Nawasalimu kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwetu ahadi ya mwaka 2013 ilikuwa tarakilishi za kupakata kwa watoto wa darasa la kwanza, na kufikia 2016 ziligeuka kuwa tableti, zikaja pamoja na projekta na vifaa vya walimu wawili kwa kila shule. Kwa hiyo msidhani projekta pekee ingemaliza tatizo. Katika shule niliyokuwa nikifundisha, vifaa vilifungiwa kabatini kwa hofu ya wezi, ufunguo ukawa wa mtu mmoja, na mtu huyo alipohamishwa tulikaa karibu muhula mzima bila kuvigusa. Hakuna aliyetukataza; ila kila mmoja aliogopa kuandikiwa barua kifaa kikivunjika mikononi mwake. Muulizeni mwalimu mkuu mapema, tena kwa maandishi, nani atawajibika kioo kikipasuka.

Afisa elimu kata

Namuunga mkono Mwalimu wa Iringa kuhusu maandalizi, lakini sikubaliani naye kwamba video ibaki nyumbani, kwa kuwa valvu za moyo zikifunguka na kujifunga si jambo la kuchorwa likaeleweka. Ligawe darasa makundi saba ya watoto 12. Kundi moja linatazama video ya dakika mbili kwenye kona yenye kivuli, mengine yanahesabu mapigo ya moyo kifundoni mwa mkono, kwanza wakiwa wamekaa, kisha baada ya kuruka kamba nje, na kuyaandika kwenye jedwali. Tumia vipindi viwili, wala usione aibu kuvitumia.

Kuhusu semina, MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inatupa nafasi ya jumuiya ya kujifunza hapo hapo shuleni. Iombe jumuiya yenu ikae na somo hili moja, mwenzako mmoja aje darasani akutazame, na mkitoka mjadili kundi lipi lilikaa bila kazi.

Mwalimu wa Sayansi, Singida

Nashukuruni sana. Nimefanya jana na leo kwa makundi saba, na mwalimu wa Hisabati alikaa nyuma akiandika. Anasema kundi la tano lilimaliza kuhesabu mapema likaanza kuchezea kamba. Chaji ilikatika kundi la sita likiwa katikati ya video, hivyo makundi mawili yatatazama kesho asubuhi, baada ya kifaa kulala ofisini kwenye sola.