Nimlipe jirani anayemtazama mama, au ujirani utakufa?

Mwalimu wa Langoni

Assalaam alaykum jamaa. Nafundisha uchumi katika sekondari moja mjini Leicester, Uingereza. Mama yangu yuko Lamu, mtaa wa Langoni. Macho yake yamepungua nuru na ngazi za nyumba zimemshinda. Jirani wa mlango wa pili, ambaye mimi humwita dada, ndiye aliyekuwa akimtazama tangu zamani. Asubuhi alivuka kichochoro na sahani ya mkate wa mofa, wakanywa chai, wakazungumza hadi jua lingie uani. Sahani ile haikurudi tupu hata siku moja. Mama alitia ndizi, au kipande cha samaki, na akikosa kabisa alitia ndimu tatu.

Tangu Ramadhani nimekuwa nikimtumia dada huyo shilingi 6,000 kila mwezi kwa simu. Sasa naye huniletea ujumbe: "Leo nimeingia saa mbili, nimetoka saa nne kasorobo. Dawa nimempa." Kazi inafanyika, tena dawa hazikosi kama zamani. Lakini mama ananiambia, "Siku hizi haketi." Na sahani haivuki tena, kwa sababu mama asema huyo sasa yuko kazini.

Jambo lenyewe, malipo kuingia mahali pa hisani na haya, ndilo ninalolifundisha darasani, ndiyo maana halinitoki. Hapa England mzazi akimtoa mtoto shuleni kwenda likizo bila ruhusa huweza kutozwa faini. Tangu Agosti 2024 ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na zikipita siku 21 hajalipa inakuwa 160. Wazazi hupiga hesabu mbele yangu: nauli ya ndege wakati shule zimefungwa inazidi faini, basi wanalipa na kusafiri, wala hawaoni haya. Watafiti Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 uchunguzi wa vituo kumi vya kulelea watoto huko Haifa. Vituo sita viliwatoza faini wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto. Waliochelewa wakaongezeka karibu mara mbili. Faini ilipoondolewa, hali haikurudi ilivyokuwa. Zamani mzazi alimwonea haya mwalimu anayemngoja. Sasa alishajua haya hiyo ni ya bei gani.

Naogopa nikikatiza pesa, sahani haitarudi na dawa nazo zitakosa. Mngefanyaje?

Bint Mkomani

Waalaykum salaam, mwalimu. Hujatuambia huyo dada anaishi kwa nini. Nitakisia, kwa kuwa wengi wetu ni hali moja: anashona kofia. Kofia ya mkono ni wiki na wiki, tundu kwa tundu, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na yataka mwanga wa mchana. Zile saa mbili anazokaa kwa mama yako ndizo saa za mwanga. Wewe wafundisha gharama ya fursa, yaani kile mtu anachokiacha ili afanye kingine. Basi hiyo hapo, iko mapajani mwake.

Mama yangu alimuuguza bibi yangu na majirani wawili bila senti. Nyumba ilikuwa na wanawake watano, na hakuna aliyewauliza kama wana shughuli nyingine. Leo wasichana wako shule, wengine wameajiriwa. Mlio mbali mkiulilia ujirani, mara nyingi mwalilia muda wa wanawake uliokuwa hauhesabiwi. Elfu sita kwa mwezi ni shilingi mia mbili kwa siku. Kwa mshahara ni haba, na kwa zawadi imeshakuwa na tarehe. Ndiyo maana hajui aketi au asimame.

Nahodha Matondoni

Sisi wavuvi tumeyaonja haya. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya ya hapa Lamu, ya mradi wa serikali uitwao LAPSSET. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Fidia ile ni haki, nitaisema popote: bahari yetu imechimbwa na mikoko imekatwa. Lakini ikabidi iandikwe orodha ya nani ni mvuvi. Ufukweni tulikuwa hatuulizani. Umekosa chambo, unapewa. Chombo kimekwama mchangani, wanaokuona wanakuja kusukuma. Orodha ilipokuja, mtu niliyesukuma naye miaka mingi akaniuliza kama mimi kweli ni mvuvi au ni fundi wa majahazi. Ni vyote viwili, na anajua.

Pesa tulizitaka. Kuhesabiwa na mtu wa mbali ndiko kulikotuumiza. Huyo dada anakuandikia saa kwa kuwa wewe ndiwe unayelipa na huoni.

Abu Twalib, Malindi

Mimi sikuweka mshahara. Namlipia jirani karo ya mwanawe, na Idi nampa doti ya leso. Hakuna kuhesabiana.

Bint Mkomani

Abu Twalib, karo ni mara tatu kwa mwaka, unga hununuliwa kila siku. Na akichoka, atakuambiaje kuwa amechoka na mwanawe yuko darasani kwa pesa yako?

Mwalimu wa Langoni

Nimewasoma nyote, kisha nikampigia dada simu. Nilikuwa sijamuuliza yeye mwenyewe. Ni kweli anashona kofia. Saa alikuwa akiziandika kwa kudhani mimi ndiye ninayezitaka. Pesa anazihitaji na hataki nizikate, ila ameomba zipitie kwa mama, mama ndiye ampe kwa mkono wake. Kufua na kupika angependa atafutwe mtu mwingine wa kulipwa, ili yeye akija aje na kofia yake, ashone pale pale uani wakizungumza. Mama amekubali kabla sijamaliza kusema.

Nitaanza mwezi ujao. Bi Mkomani, kiwango sijakijua bado. Wewe ungesema ngapi?

Bint Mkomani

Muulize kofia moja anaiuza ngapi na inamchukua wiki ngapi. Anzia hapo, usishuke.