Waliowahi kununua eksteno za kompyuta ya nyumbani, tupeane uzoefu

Mleta uzi:
Wakuu habari za jioni. Nina desktopu nyumbani, diski yake ya ndani GB 500 imejaa picha za familia, muvi na masomo ya watoto, natafuta eksteno (diski ya nje ya kuchomeka USB) ya kuhamishia. Dukani kila mtu anasifia yake, mara HDD (ile yenye sahani inayozunguka ndani) mara SSD (ile ya chipu tupu), nataka kusikia kwa waliotumia sio wauzaji. Ulichukua ipi, unaifanyia nini?

Kigoda:
Mimi HDD ya TB 2, ile ndogo ya inchi 2.5 inayokula umeme wa USB hiyohiyo. Kwa kutunza picha na muvi inatosha kabisa, SSD ya nini? Ila cheki tundu za desktopu yako mkuu, hizi za mtumba nyingi za mbele ni USB 2.0, ukichomeka pale unapata MB thelathini na kitu kwa sekunde wakati kwenye 3.0 hiyohiyo eksteno inapita 100, utakopi mpaka usinzie. Mara nyingi za 3.0 huwa na rangi ya bluu ndani.

Mpigapicha wa Mwanza:
Inategemea na kazi. Mimi naedit video za harusi, kwenye HDD ilikuwa inakwamakwama mpaka unataka kulia, nikachukua SSD ya TB 1 inayosoma kama MB 500 kwa sekunde na mambo yakanyooka, tena haina sahani inayozunguka ndani kwa hiyo hata nikiitupia kwenye begi nikapanda bodaboda sina presha. Lakini harusi zilizokwisha zote ziko kwenye HDD mbili, kila kazi sehemu mbili, maana bwana harusi akirudi baada ya miaka mitatu anataka video yake hataki stori. Na SSD sio ya kujaza ukaifungia kabatini miaka na miaka bila kuiwasha, data zinaweza kuanza kupotea.

Fundi Mchwa:
Mkikuta SSD ya TB 16 kwa bei ya fleshi, kimbieni. Kuna mteja aliniletea moja, kila akiweka muvi mpya, zile za zamani hazifunguki, nikaifungua ndani mna kadi ya memori imegandishwa na gundi. Ukinunua tu, kabla hujaweka kitu, shusha H2testw, ni programu ya bure ya kutumia kwenye Windows, inajaza diski nzima halafu inasoma tena kuona kama vyote vimo. Kwa HDD ya TB 2 iache usiku kucha.
Halafu TB 1 kusoma GB 931 kwenye kompyuta sio wizi jamani!! Kiwandani wanahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024, basi. Watu wanagombana na wauzaji bure.

Mama Wawili:
Msisahau fomati, yaani mfumo ambao diski inatumia kupanga mafaili. Yetu ilikuwa FAT32, faili likizidi GB 4 linakataa, mume wangu akawa anasema eksteno mbovu. Nikaifomati exFAT ikatulia, Mac ya mdogo wangu inasoma na kuandika, ila TV ya zamani ya sebuleni haitaki hata kuiona.

Kigoda:
@Mama Wawili 😂😂 shemeji alitaka kutupa kitu kizima

Mleta uzi:
Na zile kubwa za inchi 3.5 je? Nimeona TB 4 bei nzuri.

Fundi Mchwa:
Zile zina adapta yake ya ukutani, haziwaki kwa umeme wa USB peke yake, kwa hiyo unahitaji soketi ya ziada. Kama hutaki usumbufu huo achana nazo.

Mleta uzi:
Basi HDD ya TB 2 ile ndogo. Anayejua duka Kariakoo ambalo unaruhusiwa kuchomeka kwenye laptopu yako kwanza ndo ulipe, aje pm, naenda Jumamosi.