Likoni hapa Mombasa twapimwa presha mpaka barazani, lakini zahanati dawa hakuna. Tupimiwe nini?

Jamani nimechoka kunyamaza. Atakayeudhika na audhike.

Wale wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba na serikali mwaka 2023, kwetu wanafanya kazi, sina neno nao. Wanapita nyumba kwa nyumba na mashine ya presha na kipimo cha sukari, wanaingiza kwenye simu, na wakiona mtu hayuko sawa wanamwelekeza zahanati. Mamangu alipimwa vivyo hivyo, presha ikawa juu, akapewa karatasi aende. Akaenda asubuhi, akakaa kwenye benchi mpaka jua likamfuata kibarazani. Kuingia ndani, nesi akamwambia:

"Mama, dawa zimeisha. Utanunua nje."

"Hata hizo za presha, mwanangu?"

"Hata hizo. Panadol ndizo zipo."

Panadol! Tena maandishi ya matibabu yake yamo kwenye daftari la shule alilolinunua mwenyewe pale langoni, maana kadi za wagonjwa nazo hakuna. Na juu ya kichwa cha huyo nesi pana bango limeandikwa kwa herufi kubwa: MATIBABU, BURE. DAWA, BURE. Kweli ni bure, kitu kisichokuwapo utakiuza vipi?

Msije hapa mkamtukana nesi. Yuko peke yake. Ndiye anayechanja watoto, ndiye wa kliniki ya wajawazito, ndiye wa kufunga vidonda, na ndiye anayehangaika na mashine ya alama za vidole mtandao ukipotea. Hasira zangu ni kwa wanaomweka pale mikono mitupu, halafu watu wamfokee yeye.

Haki yetu haina utata. Kifungu cha 43 cha Katiba kimeitaja afya. Oktoba 2024 tukatolewa NHIF, ile bima ya afya ya zamani, tukatiwa hii mpya, SHA, tukaambiwa zahanati na vituo vya afya, yaani level 2 na 3, vitalipiwa na mfuko wa afya ya msingi, mwananchi ajisajili tu. Tumejisajili. Mwenye mshahara akatwa asilimia 2.75, na fundi wa jua kali atakiwa atoe ya mwaka mzima kwa mpigo ili atibiwe hospitali kubwa. Ukiuliza dawa, utarushwa kama mpira: kaunti nyingi nchini zadaiwa na KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, vituo navyo vyasubiri kulipwa na SHA. Sawa, daianeni. Mgonjwa ameze hizo hesabu zenu?

Hapa ndipo nashindwa kabisa kuelewa. Presha isipotibiwa yaleta kiharusi na yaua figo. Figo zikifa, SHA hulipa shilingi 10,650 kila mtu anaposafishwa damu, na mgonjwa huenda mara mbili kwa wiki. Tembe za presha za kawaida ni katika dawa za bei nafuu kabisa kwa kemisti. Kwa hiyo hela ya kumsafisha mtu figo ipo, ya kumzuia asifike huko haipo? Nani alipiga hesabu hii?

Na wasio na hela ya kemisti hufanya nini? Hugawa. Tembe ya kila siku yamezwa siku moja, siku ya pili yaachwa. Ama mtu avuke feri kufuata hospitali ya rufaa ng'ambo, akapange foleni na waliovunjika miguu, kwa ajili ya dawa ambayo ilitakiwa iwe hapa mtaani.

Sheria iliyopitishwa 2023 yasema pesa zinazoingia kituoni zibaki kituoni, na kila kituo kiwe na kamati yenye wakaazi ndani yake. Basi kamati yetu ni kina nani? Walichaguliwa kwenye baraza gani? Mimi nilichokiona kipya ni rangi ya ukuta. Ubaoni sijaona karatasi hata moja ya mapato na matumizi, wala orodha ya dawa zilizoletwa mwezi huu. Kubandika karatasi hakuhitaji bajeti!

Walioko Kisauni, Changamwe na Jomvu, kwenu dawa za presha na sukari zipo, ama nanyi mwaelekezwa kemisti? Na kama kuna mjumbe wa kamati yoyote ya zahanati anasoma hapa, ajitokeze atueleze pesa zinaamuliwa vipi. Siasa za 2027 pelekeni uzi mwingine.